Majina 14 Kutoka Bahla

Ngome ya Bahla iko Oman, bara kabisa, kama kilomita 200 kutoka Muscat, chini ya milima ya Jebel Akhdar. Imejengwa kwa matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, na ukuta unaouzunguka mji pamoja na mitende yake una urefu wa karibu kilomita 12. UNESCO iliitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka uliofuata ikatiwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana udongo ni udongo, mvua ikinyesha unamomonyoka. Ilitolewa huko hatarini mwaka 2004 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Walioufanya mji huo kuwa mji ni kabila la Banu Nabhan, waliotamba pale kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15.

Ukiuliza kwetu, utaambiwa hiyo ni nyumba yetu.

Sitanii. Sebuleni kwa Ami yangu mkubwa, Mombasa, kuna nasaba ya ukoo imetiwa ndani ya fremu, herufi za Kiarabu kwa wino mweusi, majina 14 yameshikana kwa "bin" kama tasbihi. La kwanza ni la Sulaiman, mfalme aliyetoka Oman akaja Pate. La 13 ni la baba yangu. La 14 ni la kaka yangu. Mimi simo, na si kwa ubaya wowote. Nasaba ni ya wanaume, mwanamke huandikwa kwenye karatasi ya kwa mumewe, na huko nako haandikwi.

Mwaka jana Ami alinipigia simu akanipa kazi. Anajua niliacha chuo mwaka wa pili na kwamba naishi kwa kuandika, makala hapa, tangazo la sabuni pale. Alitaka kijitabu cha historia ya ukoo, kurasa arobaini hivi, picha ya ngome ya Bahla kwenye jalada, kigawiwe kwenye harusi ya mwanawe. Shilingi elfu kumi na tano, nusu mbele. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Sasa, ukitaka kuandika habari za Nabahani wa Pate huna budi kuanza na Khabari ya Pate. Ni tarehe ya wafalme wa Pate, mfalme baada ya mfalme, vita baada ya vita, na yenyewe ina maisha ya ajabu. Inasemekana kitabu chenyewe cha asili kiliungua Witu mwaka 1890. Witu ndiko Ahmad, yule aliyeitwa Simba, alikokimbilia baada ya kushindwa na nguvu za Zanzibar, akajenga usultani wake msituni huko bara. Mwaka 1890 Wajerumani kadhaa waliuawa pale, na Waingereza, waliokuwa wameshakabidhiwa eneo hilo na Ujerumani, wakaja na manowari na askari wakauteketeza mji. Kilichobaki ni nakala zilizoandikwa baadaye kutoka kwa wazee wa ukoo wa kifalme, hasa mzee mmoja aitwaye Bwana Kitini. Kapteni Stigand aliitoa kwa Kiingereza kwenye kitabu chake cha 1913, Alice Werner akachapisha ya Kiswahili muda mfupi baadaye, na baada yao wengine. Kwa hiyo tunachosoma leo ni kumbukumbu ya kitabu, na nakala hazikubaliani zote.

Zinakubaliana kwenye mwanzo, walau kwa sura yake. Mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204, alikuja Pate Sulaiman bin Sulaiman al-Nabhani pamoja na ndugu zake wawili, Ali na Othman. Alikuwa mfalme kwao Uarabuni akapinduliwa. Akaja na watu wake na mali nyingi, akampelekea zawadi mfalme wa Pate, ambaye alikuwa Mbatawi, watu wa pale pale. Kisha akaposa binti wa mfalme, akapewa. Baada ya fungate, baba mkwe akamwachia ufalme.

Soma tena hapo mwisho. Mtu ametua na jahazi, hana nchi, ameshindwa vita kwao. Anaoa, zinapita siku saba, anakuwa mfalme. Ufalme umeingia nyumbani kwake kupitia mwanamke, na jina la mwanamke huyo halipo kwenye ukuta wa Ami. Nilimuuliza kama analijua. Akaniambia, "Mwanangu, hilo halikuandikwa." Akaongeza chai.

Halafu kuna shida ya tarehe. Khabari yenyewe inasema Sulaiman alifukuzwa Oman na Wayaarubi. Sawa, lakini Wayaarubi walishika uimamu wa Oman mwaka 1624, pale Nasir bin Murshid alipochaguliwa huko Rustaq. Mtu hawezi kukimbizwa mwaka 1203 na watu waliokuja kutawala mwaka 1624. Ni kama kusema babu yako alifukuzwa shamba na Kanu wakati wa Vasco da Gama.

Mwanaakiolojia Neville Chittick aliliona hilo na mengine, akaandika mwaka 1969 kwamba Nabahani walichelewa sana kuliko wanavyosema, na kwamba Pate yenyewe haikuwa mji wa maana karne hizo za mwanzo. Kwenye hili la pili alienda mbali mno. Thomas Wilson na Athman Lali Omar walichimba Pate baadaye wakakuta mji ni mkongwe kuliko alivyodhani. Ila ukongwe wa mji ni kitu kimoja, na ukongwe wa ukoo fulani ndani ya mji huo ni kitu kingine. Unaweza kukuta vigae vya miaka elfu moja chini ya nyumba yako, visikuambie lolote kuhusu babu yako.

Mimi si mwanaakiolojia, lakini hesabu ya darasa la sita naiweza. Kaka yangu amezaliwa 1996. Kati yake na Sulaiman kuna vizazi 13. Ukitoa 1203 kwenye 1996 unapata miaka 793. Gawanya kwa 13, unapata 61. Yaani kila mzee kwenye ile fremu, bila kukosa hata mmoja, alimpata mtoto wake akiwa na miaka 61. Wazee wetu wana nguvu, sikatai, lakini jamani. Ukitumia miaka 30 kwa kizazi, ambayo ni ya kawaida kwa wanaume, unarudi miaka 390 na kuangukia 1606. Jirani kabisa na Wayaarubi.

Kwa hiyo nasaba ya Ami inaweza kuwa ya kweli kuliko Khabari. Nilimweleza hivyo nikidhani atafurahi. Hakufurahi. Alikuwa amezoea miaka mia nane, na mimi nimemletea mia nne.

Nilitumia sehemu ya ile nusu ya malipo kwenda Pate. Kutoka Lamu unapanda mashua ya abiria, na safari inafuata maji. Lazima bahari iwe imejaa ndipo chombo kipite Mkanda, ule mfereji mwembamba ndani ya mikoko, la sivyo mtakaa mkingoja. Unashukia Mtangawanda, kisha unaendelea nchi kavu hadi mjini. Pate ya leo ni kijiji kimebanana, vichochoro vyembamba. Pembeni yake ndiyo Pate ya zamani: kuta za mawe ya matumbawe zimesimama bila paa, misikiti imefunguka juu, na ndani ya vyumba watu wamepanda tumbaku. Tumbaku ya Pate inajulikana. Inamea vizuri kwenye vifusi vya nyumba za matajiri.

Huu ndio mji ambao mwaka 1728 mshairi Bwana Mwengo aliuandikia Chuo cha Herekali, kwa kutakwa na sultani, na ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyobaki. Huu ndio mji ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliulilia kwenye Al-Inkishafi. Siwa yake ya pembe za ndovu ipo kwenye makumbusho ya Lamu, na ukiiona utaelewa kwa nini watu hawataki kuusahau. Wareno waliupiga, wakakata vichwa vya watawala wake karne ya 17. Wenyewe kwa wenyewe nao walipigana vya kutosha. Kisha ikaja vita ya Shela, mnamo 1812 au 1813, Pate na Mazrui wa Mombasa upande mmoja, Lamu upande wa pili. Lamu wakashinda, wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde, na Pate haikuinuka tena.

Mzee mmoja mwenye shamba ndani ya magofu aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Mombasa, lakini kwetu ni Pate, sisi ni Nabahani. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akaniambia, "Basi kwenu si hapa. Kwenu ni Oman." Hakuwa ananifukuza, alikuwa ananisifu. Mombasa tunasema kwetu ni Pate, Pate tunaambiwa kwetu ni Oman. Nikaanza kujiuliza Oman wangesema nini.

Kabla ya kufika huko, ngoja niseme kwa nini watu wa mwambao wanapenda sana babu aliyekuja na jahazi. Kuna ambao kweli walikuja naye. Pia kuna serikali. Waingereza walipotawala ukanda huu kuanzia 1895 waligawa watu mafungu, wenyeji na wasio wenyeji. Mwarabu alikuwa asiye mwenyeji. Mswahili, ambaye mama zake wamekuwa hapa tangu enzi, alikuwa mwenyeji, na "mwenyeji" maana yake kodi ya wenyeji, sheria za wenyeji, na kukaa chini ya kila mtu. Wazee wa Thenashara Taifa wa Mombasa waliandika barua na malalamiko kwa miaka mingi wakitaka wahesabiwe pamoja na Waarabu. Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, watu waliojiita Waswahili walipungua hadi karibu watoweke, na hapakuwa na tauni. Walibadilisha jibu tu. Wakati wa vita vya pili vya dunia huko huko Zanzibar, mgao wa chakula ulifuata kabila, na mchele ulikuwa na watu wake. Hapo hata mimi ningekumbuka babu wa Muscat.

Hivyo nasaba ikawa na thamani ya shilingi na senti. Mtu akiwa na karatasi yenye majina 14, kuna milango ilifunguka.

Halafu ikaja jamhuri, na karatasi ile ile ikageuka. Nilipofika miaka 18 nilienda kuchukua kitambulisho kwenye ofisi moja, na jina langu la mwisho likasomwa kwa sauti mara mbili. Nikaambiwa nisubiri kamati ya uhakiki. Leta kitambulisho cha baba. Leta cha mama. Leta cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yangu alizaliwa miaka ya 1930 kwenye chumba cha nyuma, mkunga akiwa jirani, cheti kitoke wapi? Mmoja wa wale wazee wa kamati aliniuliza, kwa upole kabisa, "Nyinyi asili yenu si ni Uarabuni?" Nilikuwa nimekulia chini ya ile fremu. Nikasema, "Hapana, sisi ni Waswahili wa Pate." Rafiki yangu wa darasani, jina lake la kibara, alitoka na karatasi yake ya kusubiri siku hiyo hiyo. Mimi nilirudi mara nne.

Na usidhani ni Uarabuni peke yake kunakofaidisha au kuponza. Kisiwani Pate, hasa upande wa Siyu, kuna watu wanaosimulia kwamba mababu zao ni mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo enzi za Zheng He, karne ya 15. Mwaka 2005 msichana mmoja wa huko alipelekwa China kusoma kwa sababu ya simulizi hiyo. Asili, ukiipata ile inayotakiwa mwaka huo, inalipa ada. Mimi yangu ilinicheleweshea kitambulisho. Ada ya chuo ni habari nyingine.

Sasa Oman. Binti ami yangu alikwenda huko kufanya kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili, kupitia wakala mmoja wa Mombasa. Hadithi za kazi hizo mnazijua, zipo nzuri na zipo za kutisha, na yake ilikuwa katikati: mshahara ulikuja, siku ya kupumzika haikuja. Nyumba aliyofikia ilikuwa Nizwa, ambako si mbali na Bahla. Siku moja familia ile ilienda kutembea ngomeni, naye akachukuliwa kwa sababu ya watoto. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Upepo unapiga, mtoto analia, na yeye anasema, "Nipo hapa kwetu, wallahi. Nimebeba nepi."

Bibi wa nyumba ile alikuwa anaongea Kiswahili. Si ajabu, Oman kuna Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar wakahamia huko baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chao ni kitamu kuliko changu. Binti ami akaona hii ndiyo nafasi, akamwambia kwamba sisi ni Nabahani, mababu zetu ndio waliokaa humu. Yule bibi hakucheka. Alimtazama, akamuuliza, "Na mama zenu?"

Binti ami hakuwa na jibu. Akanipelekea swali mimi, kwa kuwa ndiye niliyelipwa kujibu maswali ya ukoo.

Jibu la sayansi, kwa watu wa mwambao kwa jumla, lilitoka mwaka 2023. Watafiti, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800 hivi, wengi wao kwenye miji ya mwambao: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Faza iko kisiwani Pate, kwa hiyo hao ni majirani zetu wa makaburini. Waliona kwamba mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Asili ya Kiasia ilikuja zaidi kwa wanaume, na kwa karne za mwanzo ilikuwa hasa ya Uajemi. Ya Uarabuni iliongezeka baada ya 1500. Asili ya Kiafrika, ambayo kwa wengi wa watu hao ilizidi nusu, ilikuja zaidi kwa wanawake. Wale waliocheka miaka yote hadithi za Washirazi ilibidi wanyamaze kidogo, na wale waliojiona Waajemi watupu nao pia.

Narudi kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Kaka yangu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kisha wanane. Ukienda vizazi 13 nyuma hadi kwa Sulaiman, una nafasi 8,192 za watu. Nusu yake ni wanawake. Hata kama ndugu wameoana na ndugu, kama ilivyo kawaida ya koo zinazojisikia, na nafasi nyingi zikajazwa na watu wale wale, bado ni umati mkubwa. Ukutani yupo mmoja tu wa kizazi hicho.

Na hao wanawake hawakuwa wote mabinti wa wafalme Wabatawi. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake alikuwa huru na halali, anafuata nasaba ya baba sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Ni sheria iliyowalinda watoto wengi sana. Pia ndiyo iliyofanya iwe rahisi kwa mama kupotea, kwa sababu kwenye "bin fulani" hakuna tofauti yoyote. Watoto wa Seyyid Said wote waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria. Binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete na kuandika maisha yake, mama yake alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa akiwa mtoto. Hata hadithi ya Kilwa, kama ilivyonakiliwa na Mreno de Barros, inasema Ali aliyekuja kutoka Shiraz aliondoka kwa sababu ndugu zake sita walimdharau, mama yake akiwa mtumwa wa Kihabeshi. Yaani hadithi kubwa kuliko zote za Waajemi wa mwambao inaanza na kijana mwenye mama mtumwa. Watu wanaisimulia wakiruka hapo.

Zanzibar walipofuta utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya sheria ile hadi 1909. Upande wetu, kwenye mwambao wa Kenya, hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907. Jina la 11 ukutani kwa Ami, yaani baba yake babu yangu, alizaliwa kabla ya hapo, mnamo 1903.

Nikamwuliza Bibi. Bibi ana zaidi ya miaka themanini na hapendi simu, kwa hiyo nilimfuata Mombasa nikakaa naye alasiri tatu, yeye akichambua mchele. Siku ya kwanza alisema hajui. Siku ya pili alisema hayo ni mambo ya kale. Siku ya tatu akasema, "Nilimkuta."

Alipoolewa, mwaka 1960, mama wa jina la 11 alikuwa hai bado, mkongwe, macho hayaoni, amelazwa chumba cha uani. Bibi, kwa kuwa ndiye bi harusi mpya, ndiye aliyepewa kumwogesha. Alikuwa Mnyasa. Aliletwa pwani akiwa mtoto, kwa miguu, kwa sababu wakati huo biashara ya baharini ilikuwa imeshapigwa marufuku tangu 1873 na wafanyabiashara waliwapitisha watu nchi kavu hadi kaskazini. Alikuwa na jina alilopewa Pate, lile la kupewa watumwa, la kupendeza kama jina la ndege au la zawadi. Na alikuwa na jina la kwao. Usiku akihesabu kitu, Bibi anasema, alihesabu kwa lugha ambayo mle nyumbani hakuna aliyeijua, na akifika kumi anaanza tena. Alifariki mwaka wa uhuru.

Bibi anayajua majina yote mawili. Aliniambia. Sitayaandika hapa kabla hayajaandikwa kule yanakopaswa kuwa kwanza.

Nikaandika sura. Kurasa nne, hazikuzidi, kati ya sura ya Witu na sura ya kuhamia Mombasa. Nikampelekea Ami kijitabu kizima. Siku tatu kimya. Siku ya nne akapiga. Akasifu sura ya vita ya Shela, akasahihisha jina la mtaa, akauliza kama miaka mia nne haiwezi kurudishwa mia nane. Nikasema haiwezi. Kisha akasema, "Ile ya Mnyasa, itoe." Hakusema kwa ukali. Alisema kuna wakwe, kuna watu watakaoisoma vibaya, harusi si mahali pake. Na kweli, Mombasa hii bado kuna mchumba anayeweza kukataliwa kwa neno moja kuhusu bibi mzaa babu. Sikuona kwamba anaogopa kitu ambacho hakipo.

Nusu ya pili ya pesa ilikuwa haijaingia, na kodi ya nyumba yangu huku Nairobi ilikuwa tarehe tano. Nikamwambia nitafikiria.

Aliyemaliza mambo ni Bibi, asiyependa simu. Alimwita Ami nyumbani baada ya swala ya Ijumaa, na alimwambia nini sehemu kubwa sijui, mimi nilikuwa Nairobi. Ninachojua ni alichonisimulia mwenyewe baadaye: kwamba alimkumbusha Ami alizaliwa 1961, mjukuu wa kwanza wa jina la 11, na kwamba yule ajuza kipofu ndiye aliyekuwa akimpakata mchana kutwa Bibi akiwa jikoni, na yeye Ami alikuwa hanyamazi kwa mtu mwingine.

Jioni ile Ami alinipigia. Aliuliza kama jalada bado litakuwa na picha ya Bahla. Nikasema ndiyo, ipo, imetoka vizuri. Akanyamaza kidogo, nikasikia televisheni nyuma yake.

"Basi iache," akasema. "Lakini isiwe kurasa za mwanzo. Na hilo jina la kwao, muulize Bibi vizuri linavyotamkwa, usije ukalikosea."